Sura ya Tano: Kinywa Kilekile

Kwenye mazishi ya Kikristo, kuanzia Tanga hadi Bukoba, kuna maneno yasiyokosekana kando ya kaburi: yale ya Ayubu kuhusu Bwana mwenye kutoa na mwenye kutwaa. Mchungaji huyatamka, waombolezaji huitikia amina, na koleo la kwanza la udongo hushuka. Ni maneno makubwa. Ayubu aliyasema siku ileile alipoletewa habari kwamba mifugo yake yote imekwenda, watumishi wake wameuawa, na watoto wake kumi wameangukiwa na nyumba. Mtu akiweza kusujudu siku kama hiyo, hatuna budi kumsikiliza.

Basi tumsikilize mpaka mwisho. Maneno hayo yamo katika sura ya kwanza, na kitabu kina sura 42. Sura ya tatu inapofunguka, mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa na kutamani ifutwe katika hesabu ya siku za mwaka. Tangu hapo hadi sura ya 31 Ayubu anamdai Mungu majibu, anataka shauri lake lisikilizwe, anasema waziwazi kwamba ameonewa. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuwa wamekaa naye chini siku saba bila kutamka neno, na hilo ndilo jema kuliko yote waliyomtendea. Walipoanza kusema, walisema ya kumtetea Mungu: kwamba Mungu ni mwenye haki, kwamba mwovu hupata malipo yake, kwamba Ayubu atubu apone. Ukizitenga sentensi zao na mahali zilipotamkwa, nyingi zingefaa kuhubiriwa Jumapili yoyote.

Mwishoni Mungu anasema kutoka katika upepo wa kisulisuli. Ayubu anakemewa, tena si kidogo. Sura nne nzima anaulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Lakini katika sura ya 42 Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Mlalamikaji ndiye anayepewa kazi ya kuwaombea watetezi. Kila niisomapo sehemu hiyo nafikiria ni mara ngapi kanisa limesimama upande wa Elifazi huku likidhani limesimama upande wa Mungu.

Maana yako mafundisho yanayoenea sana siku hizi, kwamba Mkristo wa kweli humsifu Mungu katika dhiki kwa kuifunika dhiki. Mama aliyefiwa na mtoto anaambiwa anyamaze, kulia ni upungufu wa imani. Mjane anasalimiwa "Bwana Yesu asifiwe" siku ya tatu baada ya maziko, na asipoitikia kwa sauti ya kutosha watu wanatazamana. Aliyepimwa akakutwa na saratani anafundishwa kukanusha kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anaumwa. Haya yote hufanywa kwa jina la sifa, na kwa nia njema mara nyingi. Naamini yanaumiza, na naamini Biblia haiko nayo. Katika Biblia kinywa kinacholia na kinywa kinachosifu ni kinywa kilekile, na anayekiziba kwa upande mmoja amekiziba pande zote mbili.

Angalia Zaburi, kitabu cha nyimbo ambacho Israeli ilikitumia hekaluni na ambacho Wakristo wamekitumia tangu mwanzo. Kati ya zaburi 150, zile za maombolezo ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Kwa hesabu ya kawaida ya wataalamu zinakaribia au kupita theluthi moja. Zaburi ya 13 ina aya sita tu. Mbili za kwanza zinamuuliza Mungu mara nne, hata lini. Ya mwisho inaazimia kumwimbia. Hakuna aya katikati inayosema adui amekufa au ugonjwa umepona. Mwimbaji amefika kwenye sifa akiwa na shida yake mkononi. Zaburi ya 88 haifiki hata hapo. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, kisha inashuka, inashuka, na neno lake la mwisho ni giza. Wazee waliokusanya Zaburi waliisikia, wakaona kwamba hakuna mwanga mwishoni, na hawakuongeza aya ya kuipamba. Waliiweka ilivyo, ikaimbwa na wana wa Kora.

Halafu kuna ile ya 137, na kwangu hii ndiyo yenye somo zito zaidi kwa makanisa yetu. Mateka wa Yuda wamekaa kando ya mito ya Babeli. Waliowateka wanawaambia waimbe, wachangamke, wawape moja ya nyimbo za Sayuni. Nao wanakataa. Wametundika vinubi vyao kwenye miti. Kumbe kuna sifa ambayo ni haki kuikataa: ile inayodaiwa na mtu asiyebeba mzigo wako, anayetaka wimbo wako umstareheshe yeye. Sisemi kwamba kiongozi wa sifa anayewaamuru watu waruke na kupiga vigelegele ni Mbabeli. Nasema ajiulize, kabla ya kumshurutisha yule aliyeketi kiti cha nyuma, kama anajua yule ametoka kuzika nani. Na Mungu aliupokea hata ule mgomo: kukataa kuimba kwa wale mateka kumekuwa zaburi, na tunaiimba hadi leo.

Nabii Habakuki anafuata njia hiyohiyo. Watu humnukuu kwenye sura yake ya tatu, pale anaposema atamfurahia Bwana hata kama mtini hautachanua, mizabibu haitazaa, mzeituni utakatisha tamaa, mashamba hayatatoa chakula, zizi halitakuwa na kondoo wala ng'ombe. Mkulima wa Dodoma aliyeona mtama umekauka ukiwa na urefu wa goti, au mfugaji wa Shinyanga aliyebaki na zizi tupu baada ya kiangazi, hahitaji kuelezwa hiyo ni orodha ya nini. Ni njaa, kitu kimoja baada ya kingine. Lakini kitabu hicho chenye sura tatu tu kinaanza kwa nabii kumlalamikia Mungu kwamba analia naye hasikii. Kisha anaambiwa kwamba Wakaldayo wanakuja, akalalamika tena, safari hii kwa hoja kali zaidi: itakuwaje Mtakatifu amtumie mwovu kumwadhibu aliye afadhali? Baada ya hapo anasimama kwenye zamu yake kungoja jibu. Furaha ya sura ya tatu imetoka kwenye koo lililokwisha kukauka kwa kulalamika. Na kitabu kinafungwa kwa maelekezo kwa kiongozi wa waimbaji, kwa vinanda. Maombi ya mtu mmoja aliyetetemeka mpaka midomo yakakabidhiwa kwaya.

Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua kwamba dakika chache baadaye atamwita atoke. Na usiku wa kusalitiwa kwake, Mathayo na Marko wanatuambia jambo ambalo tunalipita haraka: baada ya chakula, yeye na wanafunzi wake waliimba, kisha wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Pasaka ya Kiyahudi, zaburi za kuanzia 113 hadi 118 ndizo zilizoimbwa, na zile za mwisho huja baada ya mlo. Ni zaburi za sifa na shukrani. Kutoka kwenye wimbo huo alikwenda Gethsemane, akaanguka kifudifudi, akaomba kikombe kimwepuke, jasho lake likawa kama matone ya damu. Kesho yake msalabani akapaza sauti kwa mwanzo wa Zaburi ya 22, ile ya kuachwa. Wimbo wa jioni haukumzuia kulia usiku, na kilio cha msalabani hakikuufanya wimbo wa jioni kuwa uongo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahubiri wanaofundisha sifa kama funguo. Andiko lao ni Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila wako Filipi, wamechapwa viboko vingi, wametupwa gereza la ndani, miguu imefungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu. Tetemeko linakuja, milango inafunguka, minyororo inalegea. Kwa hiyo, wanasema, sifu na mlango wako utafunguka: ajira, visa, mchumba, mtoto. Naomba msomaji atazame mfuatano wa mambo. Wawili wale waliimba mgongo ukiwa umechanika, bila ahadi yoyote ya tetemeko. Na milango ilipofunguka hawakutoka. Walibaki, mlinzi wa gereza asije akajiua. Miaka baadaye Paulo aliwaandikia Wafilipi haohao waraka wenye furaha kuliko nyaraka zake zote, na aliuandika akiwa amefungwa tena. Safari hiyo hakuna tetemeko linalotajwa. Hajui kama ataishi au atakufa, na anasema hayo mawili yote yako sawa kwake maadamu Kristo anatukuzwa. Kama sifa ni funguo, basi ile ya pili ilishindwa. Mimi siamini ilishindwa.

Historia ya kanisa letu katika Afrika Mashariki inalo shahidi wake, na shahidi huyo aliimba kwa Kiswahili.

Mwezi Oktoba 1884 Kabaka Mutesa wa Buganda alifariki, akatawazwa mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kama 18. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa huko tangu 1877, na Mkatoliki wa kwanza, Padre Lourdel, alifika 1879 akiwa na Bruda Amans. Vijana wa ikulu walikuwa wamejifunza kusoma, na kwa kuwa Kiganda kilikuwa na maandishi machache mno, sehemu kubwa ya masomo yao ilipitia Kiswahili, lugha iliyofika ikulu pamoja na wafanyabiashara wa Unguja muda mrefu kabla ya wamisionari. Vitabu vilivyochapishwa pwani, pamoja na tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja, ndivyo vilivyokuwa mikononi mwao. Nyimbo pia zilitoka huko.

Mwishoni mwa Januari 1885 mmisionari wa Kianglikana Alexander Mackay alikuwa akielekea ziwani pamoja na baadhi ya vijana wa misheni. Njiani walikamatwa na askari wa Kabaka, kwa shtaka la kuwatorosha watu wa nchi. Wazungu waliachiwa. Vijana watatu hawakuachiwa: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Serwanga ndiye aliyekuwa mkubwa wao, kijana bado. Lugalama alikuwa mtoto. Tarehe 31 Januari walipelekwa kwenye kinamasi karibu na Natete, nje kidogo ya mji mkuu, wakakatwa mikono, wakachomwa moto juu ya jukwaa la miti. Habari zilizomfikia Mackay, na ambazo Kanisa la Uganda limezitunza tangu hapo, ni kwamba walikwenda wakiimba. Wimbo wenyewe ulikuwa tafsiri ya Kiswahili ya utenzi wa kasisi wa Kiingereza Sabine Baring-Gould, unaohimiza kuusifu kila siku mji aliouandaa Mungu.

Nimeutafakari sana uchaguzi ule, kama tunaweza kuuita uchaguzi. Walikuwa vijana wa Buganda, na mmoja wao, Lugalama, alizaliwa katika jamii ya Wahima akachukuliwa mateka vitani alipokuwa mdogo. Alikwisha kupoteza nyumba moja kabla ya siku ile. Wimbo wao haukumwomba Mungu auzime moto. Haukudai lolote kwa siku hiyo. Ulizungumzia mji ambao wauaji wao hawakuwa na uwezo nao. Sithubutu kusema kwamba hawakuogopa au hawakupiga kelele moto ulipowafikia. Mtoto akichomwa hulia, na hakuna malaika anayemhesabia kilio hicho kuwa kosa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake wengi, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa kwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu mwaka 1964, na kila Juni maelfu ya mahujaji, wengine kutoka Tanzania, Kenya na Rwanda kwa miguu, huenda pale.

Wimbo wa Natete haukuishia kinamasini. Februari 1977 Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu wa Mucwini huko Kitgum aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho ule uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, nyumba yake ilivamiwa usiku kwa madai ya kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kupinga mauaji nchini. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasomewa mashtaka mbele ya umati wa askari, kisha wengine wakaambiwa waende nyumbani na Luwum akabakizwa. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wake ulipelekwa Mucwini ukiwa na matundu ya risasi, ukazikwa huko.

Kampala kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye kilima cha Namirembe, kando ya mifupa ya Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Mwanga. Ibada rasmi ya kumuaga Luwum ilipigwa marufuku. Hata hivyo Jumapili ya tarehe 20 maelfu walipanda kilima. Hawakuwa na mwili wa kuzika, hawakuwa na jeneza, na askari wa Amin hawakuwa mbali. Mzee Erica Sabiti, aliyekuwa Askofu Mkuu kabla ya Luwum, akiwa mbele ya kaburi tupu aliwakumbusha waliokusanyika yale malaika aliyowaambia wanawake asubuhi ya Pasaka. Na kwa mujibu wa masimulizi yaliyotunzwa na waumini, watu wakaimba wimbo wa mashahidi, uleule wa Natete, miaka 92 baadaye. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa amelazimika kukimbia usiku kupitia milimani hadi Rwanda, aliandika baadaye mwaka huohuo kitabu cha kumsamehe Amin. Hakukifanya kifo cha rafiki yake kiwe kidogo. Alikiita mauaji, akasamehe mauaji.

Jambo linalonigusa zaidi katika habari za Namirembe ni kwamba hakuna anayetuambia nani alianza. Umati uliimba. Ndani yake walikuwemo bila shaka watu ambao koo lilikataa, waliosimama tu na kuzungukwa na sauti za wengine. Tunazungumza juu ya sifa katika mateso kana kwamba ni ushujaa wa mtu mmoja mmoja, na wale wasio na ushujaa huo wanajiona wamepungukiwa. Lakini misiba yetu inajua zaidi ya mafundisho yetu. Mfiwa huketi kwenye mkeka ndani, akiwa amejifunika khanga, bila kuimba. Nje chini ya turubai jumuiya imekuja, kwaya imekuja, akina mama wa kikundi wanapika kwa zamu, na nyimbo zinaendelea hadi alfajiri. Hakuna anayekwenda kumwambia mfiwa asimame aongoze pambio. Anaimbiwa. Imani yake kwa usiku huo imebebwa na watu wengine, kama wale wanne waliombeba mwenye kupooza kule Kapernaumu wakamteremsha kupitia darini, na injili inasema Yesu aliiona imani yao.

Mjerumani Martin Rinckart naye namweka hapa kwa ufupi. Alikuwa mchungaji wa Eilenburg katika Saxony wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Tauni ilipoingia mwaka 1637 mji ulikuwa umejaa wakimbizi. Wachungaji wenzake walikufa au kuondoka, akabaki peke yake na kuzika watu zaidi ya 4,000 mwaka huo, mkewe akiwa miongoni mwao. Utenzi wake wa shukrani, ambao Walutheri duniani kote huuimba kwenye sikukuu, ulianza kama sala ya mezani kwa watoto wake. Siku ya kula kilichopo alikuwa amewafundisha kushukuru, na mwaka wa mazishi shukrani hiyo ilikuwa tayari imo midomoni mwa nyumba yake. Wale vijana wa Natete nao walikuwa wamejifunza wimbo wao darasani, siku za kawaida. Naona hapa sababu ya kuwafundisha watoto wetu nyimbo nzima, beti zote, si pambio peke yake: siku mbaya hatutungi, tunachota tulichoweka.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji, makatekista na waalimu wa kwaya watakaosoma sura hii. Jumapili inayofuata mazishi ya muumini wenu, msianze ibada kwa kelele za shangwe mkiwa na familia ile mbele yenu. Someni Zaburi ya 13 kwa sauti, taratibu. Ni aya sita, haichukui hata dakika mbili. Kama msiba ni wa mtoto, au wa mtu aliyejiua, someni ya 88, na msiongeze maelezo ya kuilainisha. Mwacheni atakayelia alie. Kisha kwaya iimbe, kwa niaba ya wote, wimbo ambao familia inaujua kwa moyo. Akiwepo mmoja wao atakayejiunga kwenye ubeti wa pili au wa tatu, vema, na asipokuwepo, imbeni mpaka mwisho. Na wiki ya sita, turubai likiwa limekwisha kurudishwa na wageni wameondoka, nendeni tena nyumbani kwao mkaimbe.